Heroe wa Mabwawa ya Chumvi

Harufu ya tope la mikoko linapoanza kukauka juani hunikata pumzi mpaka leo, ingawa nakimbia pwani ya Bagamoyo karibu kila asubuhi. Nilipokuwa na miaka kumi, hakuna mtoto wa mtaa wetu wa Dunda aliyenishinda mbio, mradi ziwe za pwani. Barabarani nilikuwa bure kabisa. Hatua mia tu, kichomi. Pwani nilikuwa na ujanja wangu. Nilichagua kitu cha kupendeza kule mbele nikakikimbilia, nikikifikia nachagua kingine.

Siku hiyo mdogo wangu Hasani, wa miaka miwili, alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Baba alikuwa kazini kwenye mabwawa ya chumvi na simu yake haipatikani. Mama alitoka chumbani, akafunga mlango nyuma yake.

“Mwanangu, kimbia ukamwite baba yako. Mwambie Hasani hali yake si nzuri. Pita pwani, ndiko unakokimbia vizuri.”

Nilikimbia huku nalia. Nikaukimbilia mkoko wa kwanza, kisha ule mchanga mweupe wa mbele, nikimwomba Mungu Hasani aningoje. Kwenye bwawa la kwanza la chumvi nikawaona heroe, wale ndege wa miguu mirefu, wengi ajabu, waridi tupu, kila mmoja kwa mguu mmoja majini. Nikasimama. Sijui kwa muda gani. Mungu anisamehe, nilisahau kilichonileta.

Nilipomfikia baba sikukumbuka hata shikamoo. Tulirudi kwa bodaboda, tukakuta turubai limeshafungwa uani na wanaume wameketi mikekani. Hasani alizikwa alasiri ile.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa nilimuua kwa kutazama ndege, na sikumwambia mtu. Nilikuja kumwambia mama nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Akaacha kukuna nazi.

“We mtoto! Umebeba hilo siku zote? Hasani alikata roho mikononi mwangu kabla sijakutuma. Hata macho nilikuwa sijamfumba. Nikasema, huyu aliyebaki apite mahali pazuri kidogo, kabla hajajua.”

Turubai lile! Nililiona kwa macho yangu, na turubai halifungwi kwa dakika tano.

Siku hizi nikiwakuta heroe nasimama makusudi, nalia weee, halafu naendelea. Nilidhani nimetumwa kumwokoa Hasani. Mama alikuwa ananiokoa mimi, na alichokuwa nacho cha kunipa kilikuwa nusu saa ya pwani.