Tetea Mweupe wa Mama Mkwe

Enzi za Mjerumani, mwanaume wa upande wetu wa Meru alihesabiwa kwa ng'ombe wake, mbuzi wake na migomba yake. Kuku hakuwamo. Jirani zetu Waarusha walipita uani petu wakicheka waziwazi: huyu leo anafuga ndege, kesho atafuga nzi. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la juu kabisa lililokuwapo, najua kugawanya kwa tarakimu tatu na kuimba sauti ya nne, na kwa elimu yote hiyo kazi niliyoipata ilikuwa kuangalia kuku wa mama yangu pale Akheri.

Kusema kweli, sikutafuta nyingine. Wenzangu walikwenda Momela kwa walowezi, wengine wakaenda Arusha kubeba mawe. Mimi, kila mnyapara alipopita kukusanya watu wa kazi ya barabara, tumbo liliniuma. Lilianza kuuma akionekana kwenye mfereji, likaacha akipotea nyuma ya kilima. Mama alisimama mlangoni akamwambia, "Mwanangu ana tumbo," kwa uso wa mtu anayesali, na mnyapara akachukua mtoto wa mwingine.

Basi nikaoa. Mke wangu alitoka upande wa Kikatiti, na alikuja na tenga kichwani. Ndani ya tenga mlikuwa na tetea mmoja, mweupe kama unga, ametulia kuliko bibi harusi mwenyewe.

Kwao walikuwa na desturi yao. Binti akiolewa, mama yake humpa tetea mmoja. Baadaye mama huja kutembea, na akifika haulizi habari za binti, kwa kuwa binti ataficha. Anamwangalia kuku. Kuku akiwa mnene ana manyoya yake, binti amekaa pazuri. Kuku akiwa amenyonyoka, binti anafunga mzigo wake jioni ileile. Mke wangu alinieleza haya siku ya pili ya ndoa, nami nikacheka sana. Siku ya tatu niliacha kucheka.

Uani kwetu kulikuwa na jogoo mmoja, ambaye alidhani anatawala, na matetea sita. Aliyetawala alikuwa kishingo wa mama: mzee, mwekundu, shingo tupu kama mkono wa mtu. Huyo alikula kwanza. Baada yake dada wawili wa madoadoa, kisha weusi wawili, na mwisho kabisa kilema mmoja aliyekula kilichobaki, kama kilibaki. Kila mmoja alijua nani wa kumdonoa na nani wa kumpisha. Serikali ya Kaizari haikuwa na mpangilio kama ule.

Kishingo alimpokea mgeni kwa kumng'oa manyoya ya kisogoni. Madoadoa wakafuata, na weusi wakafuata. Nilitumaini kilema angalau angemhurumia. Ndiye aliyedonoa kwa bidii kuliko wote. Maskini, maisha yake yote hakuwahi kupata mtu wa chini yake, na sasa Mungu alikuwa amemletea.

Baada ya mwezi tetea mweupe alikuwa na kipara, na alishinda juu ya rundo la kuni akiogopa kushuka. Ndipo watu waliotoka ibadani wakatuletea salamu: mama mkwe atakuja baada ya Jumapili ya pili.

Mke wangu alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Mama akimwona huyu, mimi sina la kusema," alisema. "Ataniambia nyanyuka, nami nitanyanyuka."

"Utaniacha kwa sababu ya ndege?"

"Sitakuacha mimi. Atakuwa amekuacha kuku."

Nikaenda kwa mama yangu, aliyekuwa akimenya ndizi. Nikaanza kwa mbali, nikasifu ndizi, nikasifu mvua, mwishoni nikasema kishingo wake amezidi.

"Kuku wangu hajamwita mtu hapa," alisema, na kisu hakikusimama.

Hapo mwanaume mwenye akili angeelewa kwamba mambo hayakuwa ya kuku tu. Tangu mke wangu afike, ni mama aliyepakua chakula, ni mama aliyeshika ufunguo wa ghala, na mke wangu alikula mwisho, kwenye kigoda kifupi karibu na mlango. Mimi niliona haya yote, nikaamua tatizo ni la kuku. Nilikuwa na elimu, na elimu hupenda tatizo dogo.

Kwanza nikaweka vigae viwili vya ulezi, mbalimbali. Kishingo akala cha kwanza, akakimbia kuzunguka nyumba, akala cha pili. Nikaweka vitatu. Akapungua mwili kidogo kwa kukimbia, basi. Kisha nikasimama na fimbo kama mwalimu wetu wa misheni, nikawa nawaita kula mmoja mmoja. Jirani mmoja alisimama kwenye ua wa mimea ya masale akanitazama kitambo kirefu.

"Unawafundisha kusoma?" aliuliza.

"Utaratibu," nikasema.

"Ukimaliza, nina mbwa wangu hajui kuandika."

Ndipo nikapata wazo kubwa. Niligundua kwamba kuku hudonoa penye damu. Wakiona wekundu wanaongeza. Sasa kidonda kikifichwa, watadonoa nini? Nikachukua mafuta ya kondoo, nikachanganya na masizi ya chungu, nikampaka tetea mweupe kisogo. Kisogo kikapendeza. Nikampaka mgongo. Mkono ukanogewa, na nilipokuja kuinuka tetea mweupe wa mama mkwe alikuwa mweusi ti, kuanzia kichwani mpaka mkiani, isipokuwa macho.

Nikamwachia.

Kuna jambo ambalo misheni hawakunifundisha: kuku humjua mwenziwe kwa sura. Yule mweupe walimjua, walimchukia kwa kiasi. Huyu mweusi anayenuka kondoo hawakumjua kabisa. Walimwona ni mgeni mpya, na salamu zikaanza upya, viboko hamsa ishirini vya serikali, na safari hii hata jogoo alishiriki. Tukamwokoa kwa ufagio.

Mke wangu alimnyanyua. Alimbeba mpaka kwenye mfereji, akamwosha kwa maji ya majivu. Masizi yalitoka nusu. Akarudi na kuku wa kijivu, mwenye kipara, anayetetemeka, akamweka mapajani, akakaa kwenye kile kigoda chake karibu na mlango. Wote wawili walinitazama. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Jioni nilirudi kwa mama. Sikusifu ndizi.

"Mama, nataka kumfungia kishingo wako."

Alichochea moto. Kisha akasema, "Mimi pia nilikuja hapa na kuku."

Sikujua.

"Kuku wa bibi yako alimdonoa wangu mpaka akafa. Mama yangu alikuja akakuta manyoya. Akakaa, akanywa pombe ya mbege, akamaliza, akaondoka nami."

"Baba akafanyaje?"

"Alinifuata na mbuzi wawili wa kuomba radhi." Akanipima toka juu mpaka chini. "Wewe mbuzi unao?"

"Sina."

"Basi lete tenga."

Tukamfunika kishingo kwa tenga katikati ya migomba, na jiwe juu. Akatukana siku mbili. Uani, wale wengine walizunguka kama wasioamini. Madoadoa wakapigana wao kwa wao kutafuta nani mkubwa, na walipochoka, mke wangu akamshusha tetea wake kutoka kwenye kuni na kumlisha kigae chake, yeye mwenyewe amesimama pembeni na mwiko. Ulikuwa mwiko wa mama. Nani alimpa, sikuuliza. Siku ya tano kilema alikuja kudonoa kama kawaida. Tetea akamrudishia moja la nguvu, na kilema akarudi mahali pake bila kinyongo. Siku ya sita madoadoa walimpisha.

Siku ya saba mama mkwe alifika. Kwetu mkwe wa kiume hasimami mbele ya mama wa mkewe, hivyo nilijificha migombani kwa heshima zote, nikachuchumaa kando ya tenga. Nilimwona kati ya majani: mwanamke mrefu, fimbo mkononi, hata mzigo hajatua.

"Kuku yuko wapi?"

Mke wangu akamwaga ulezi. Tetea akaja mbio, akala. Wengine walisubiri.

Mama mkwe aliinama, akamkagua kama daktari wa ng'ombe, akagusa manyoya mapya yaliyoanza kuchipua kisogoni.

"Mbona wa kijivu?"

"Mume wangu alimpaka masizi."

"Kwa nini?"

"Amesoma," mke wangu alisema.

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huruma, na nikaona huruma ile haikuwa ya binti. "Lakini anakula wa kwanza," alisema.

"Anakula wa kwanza, mama."

Dakika hiyohiyo kishingo, ambaye wiki nzima hakutaga, akaamua kutaga. Akalipigia kelele yai lake kama wanavyofanya, kelele za kuamsha mlima. Nikajilaza juu ya tenga kwa kifua. Haikusaidia. Akionekana amefungiwa, mama mkwe angejua mara moja kwamba heshima ya kuku wake ilikuwa ya kuazima.

"Nani analia migombani?"

Mke wangu akainama. Mama yangu alikuwa mlangoni na kata ya mbege. Hakupepesa jicho.

"Ni mwanangu," alisema. "Ana tumbo."

Mama mkwe akageukia migombani, akatega sikio. Ikabidi nigune. Niligumia kwa muda wote ambao kishingo alipiga kelele, nikipandisha sauti akipandisha, na nilipopunguza akapunguza.

"Mpeni maji ya moto," mama mkwe alisema. Akatua mzigo wake, akakaa, akapokea kata.

Alilala kwetu siku mbili, akaondoka peke yake.