Bibi Atasukumwa na Nani?

Juzi, katika ofisi ya uhamiaji ya Waingereza pale Croydon, mbele yangu alisimama mama wa Kipemba na kiti cha magurudumu. Kitini alikaa bibi wa Kizungu ambaye mama huyo humwosha na kumlisha kila siku. Hakuwa na wa kumwachia.

"Kibali kimekwisha. Lazima uondoke nchini," karani alimwambia.

Bibi akaling'ang'ania koti la yule mama. "Na mimi nitalelewa na nani? Sikuzaa."

Karani, mvi tele kichwani, akachukua muhuri.

"Wewe je, una watoto?" bibi akamuuliza.

"Sina."

"Basi na wewe jiandae."

Jamani, nchi hii ina kila kitu isipokuwa watu wa kuilea, na waliopo inawafukuza!

Karani akagonga muhuri. Aliyefukuzwa akamsukuma bibi hadi kwenye tramu, treni ya barabarani, kwani mwingine hakuwapo.