Niliandika kwenye CV kwamba najua Kinyarwanda. Yaliyonikuta kwenye interview ya udaktari hapa Kigali

Wakuu, habari za mchana.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na natamani kisingekuwa kweli. Jina la nesi wangu nimelibadilisha. Aibu nimeiacha kama ilivyo.

Mimi ni daktari, Mtanzania, nipo Kigali mwaka wa pili sasa. Nafanya kazi kwenye kliniki ndogo ya Gikondo, jirani na magereji, kwa hiyo wagonjwa wetu wengi ni mafundi na familia zao. Mkataba wangu unaelekea kuisha, na mwenye kliniki alishaniambia hatauongeza. Nisipopata kazi nyingine narudi nyumbani na begi langu, kuwaeleza watu kwa nini nimerudi.

Ikatokea nafasi kwenye hospitali kubwa moja hapa mjini, jina silitaji. Vigezo vyote ninavyo, isipokuwa kimoja: kuweza kuongea na mgonjwa kwa Kinyarwanda.

Kwenye CV nikaandika "Kinyarwanda: vizuri".

Msinicheke bado. Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu. Mgongo ni umugongo, meno ni amenyo, mtu ni umuntu. Ukikaa miezi sita unaanza kujiona mwenyeji. Tatizo ndugu huyu ana utani mbaya.

Daktari huku anaitwa muganga. Wiki ya kwanza nilidhani wananiona natembea na vibuyu.

Na kuna fundi alishika tumbo akaniambia "ndaruka". Nikamwambia asiruke, apumzike. Kumbe alikuwa anasema anatapika. Nilipoelewa, viatu vyangu vilishaelewa kabla yangu.

Tuendelee.

Pale kliniki kuna nesi, tumwite Odette. Mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake amekiokota sokoni na kwa majirani Wakongomani. Yeye ndiye anakaa pembeni yangu kutafsiri. Nilipomwambia kuhusu interview alifurahi kuliko mimi mwenyewe.

Wiki mbili, kila mapumziko ya mchana, tulikuwa tunakaa chumba cha sindano ananifundisha maswali. Urababara he? Unaumwa wapi. Byatangiye ryari? Ilianza lini. Ufite abana bangahe? Una watoto wangapi. Yalifika maswali arobaini, nimeyaandika kwenye daftari, nayakariri hata bafuni.

Siku ya tano akaniambia, "Dogiteri, sasa mimi nikuwe mugonjwa. Uniulize, nikujibu, tuone kama unasikia."

Nikamwambia haina haja, majibu nitayadaka mwenyewe.

"Kuuliza iko rahisi," akasema. "Mugonjwa yeye hasomi kwa daftari yako."

Nikacheka. Nikamwambia anipe maswali tu, mengine aniachie. Ukweli wenyewe ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga mbele ya nesi wangu. Nasema haya leo kwa sababu hakuna anayenijua humu.

Siku ya interview nikapiga suti, nikapanda pikipiki na kofia ngumu ya abiria, nikafika nusu saa kabla.

Panel ya watu watatu. Mwenyekiti ni daktari mama, Mnyarwanda aliyekulia Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alinisalimia "karibu sana", nikajua nimefika kwa dada.

Sehemu ya kitaalamu ilikuwa kwa Kiingereza. Kisukari, presha, mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Nilitiririka kama maji, wakuu. Niliwaona wanaitikia kwa vichwa, wanaandika.

Halafu mwenyekiti akasema wananiletea mgonjwa, niongee naye Kinyarwanda.

Akaingia mama wa makamo, anafanya usafi hapo hapo hospitalini. Amekubali kuketi kama mgonjwa. Nikamsalimia, akaitikia. Urababara he? Akagusa kiuno. Hapo hata Mchina angeelewa.

Nikaenda kwenye swali la familia. Ufite abana bangahe?

Akajibu kwa sauti ya chini, "Mfite batatu. Uwa kane yitabye Imana."

Batatu nikaidaka. Wa nne nikaidaka. "Yitabye" naijua, maana huku mtu akipokea simu wanasema hivyo hivyo, ameitika. Na Imana ni Mungu. Nikaunganisha fasta: wa nne ameitika wito wa Mungu. Atakuwa yupo seminari, anasomea upadri.

Nikatabasamu meno yote nje, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Imana ishimwe!"

Yaani Mungu asifiwe.

Mama akawatazama wale wa panel. Kisha akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Yego, muganga." Ndiyo, daktari.

Na mimi, huku najipa maksi moyoni, nikaendelea na swali jingine nililokariri: Ilianza lini?

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akahamia Kiswahili.

"Daktari, umeelewa mama amekuambia nini?"

"Ndiyo. Watoto watatu, na wa nne ana wito."

"Wa nne amefariki. Kwa heshima hatusemi amekufa, tunasema ameitika kwa Mungu." Akamtazama yule mama. "Na hatukumpa cha kuigiza. Tulimwomba ajibu habari zake mwenyewe."

Wakuu, nimewahi kufeli mitihani. Nimewahi kufokewa na profesa mbele ya darasa zima. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Masikio yalipata moto. Nikamgeukia yule mama, nina maswali arobaini kichwani, na katika wiki mbili zote sikujifunza hata neno moja la kumpa mtu pole.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Pole sana, mama. Nisamehe."

Akajibu, "Asante," akatoka. Interview ikaisha dakika chache baadaye. Jibu lilikuja kwa email, mistari miwili, mnalijua.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike uzi huu.

Nilirudi kliniki mchana ule ule wa interview. Nikamhadithia Odette, nikiifanya kama kichekesho ili iume kidogo. Hakucheka. Akaendelea kupanga mafaili.

Ndipo likanijia swali, nikajuta kabla sijalimaliza. "Odette, hapa kwetu nimeshawahi kufanya hivi?"

"Mara ingine," akasema.

"Mara ngapi?"

"Dogiteri, mimi sitafsiri bagonjwa tu. Nakutafsiri na wewe. Mutu anasema mwana wake amekufa, wewe hungoji nitafsiri, unasema umesikia, unacheka tu unaandika, nawaambia: muganga anasema mwihangane, ndiyo pole yetu, anasikia uchungu sana."

"Na wao wananiona natabasamu?"

"Nawaambia uso yake iko vile. Roho iko muzuri."

Nilitoka nje nikasimama ukutani kama mtu anayesubiri gari.

Sasa hivi mkataba umebaki wiki chache. CV nimeirekebisha, pale nimeandika "Kinyarwanda: najifunza". Mchana Odette anakuwa mgonjwa, na hairuhusiwi niulize swali jingine mpaka nimrudishie alichosema. Ananifelisha kila siku, bila huruma.

Funzo nililopata ni kwamba nilijiandaa kuuliza, sikujiandaa kusikia, na nilijiona daktari mzuri muda wote huo. Kuna watu hapa Gikondo wanaamini siku ya msiba wao niliwapa pole. Sikuwapa. Na wakikutana nami njiani bado wananishukuru.

Madaktari, manesi, mnaofanya kazi kwenye lugha za watu, nyie mlijifunzaje? Semeni. Wa kunitukana naye apite tu, hatanizidi mimi mwenyewe.