Kisiki na Hesabu za Babu

Binti yangu mama yake alimwita Kisiki tangu akiwa mdogo. Ukimsukuma, unaumia wewe. Mama yake sasa yuko udongoni, na mimi peke yangu ndiye ninayemwita hivyo.

Kisiki anafanya kazi ya kompyuta kwenye kiwanda cha nguo. Mama yake alikuwa huko huko, chini, chumba cha sare za watoto. Alishona humo mpaka mapafu yakamshinda. Cherehani yake bado iko dirishani, anaitumia mwenzake aliyekuwa akishona karibu naye. Nikipita nje nasimama kidogo, nasikiliza.

Mwaka huu likatoka neno: kompyuta inaonyesha chumba kile kinapoteza kitambaa, kifungwe, wale kina mama waende nyumbani. Nikamuuliza Kisiki, hiyo kompyuta imejuaje?

Akanieleza kwa lugha yangu. Humo ndani hesabu zimepangwa kama ukoo. Kiwanda ni babu. Chini yake ziko aina za nguo, ndio wazazi. Chini ya hizo viko vyumba vya kushonea, ndio watoto. Kipimo cha mabaki yanayoruhusiwa kutupwa hakikai chumbani. Chumba kinapanda juu kukiulizia kwa wakubwa wake. Zamani vyumba vyote vilikuwa moja kwa moja chini ya babu. Baadaye nguo za watoto zikawekewa mzazi wake, mwenye kipimo kikubwa zaidi, maana nguo ndogo huacha mabaki mengi. Ila amri ya kuuliza haikuguswa. Chumba kikaendelea kumruka mzazi na kumuuliza babu, na babu anawaza suruali za watu wazima, hivyo mabaki ya kawaida ya watoto yakaonekana hasara.

"Kwa hiyo hao mama zako hawajapoteza kitu?"

"Hawajapoteza, baba. Iliyokosea ni amri."

Amri yenyewe aliiandika mkuu wa mipango. Kisiki alipompelekea habari, mkuu alicheka, akasema wakubwa wameshaiona ripoti, asichokonoe. Akichokonoa, atafute kazi kwingine.

Nikamkumbusha mwanangu kwamba mshahara wake ndio unaotulisha. Akaniangalia vile mama yake alivyokuwa akiniangalia nikisema upuuzi.

Siku ya kikao cha kuamua kukifunga chumba akairekebisha amri mbele ya wote: chumba kimuulize kwanza mzazi wa karibu, na mzazi akikosa jibu ndipo chumba kipande juu kwa babu. Pale ukutani, kwenye kioo kinachoonyesha hesabu, chumba cha watoto kikatoka kwenye nyekundu, kikawa kijani. Mkuu akamwamuru arudishe kama ilivyokuwa.

"Sirudishi," Kisiki akasema. "Mkitaka kufunga, fungeni. Ila semeni mmependa wenyewe, msisingizie kitambaa."

Hakuna aliyetaka kulisema hilo. Chumba hakikufungwa.

Kisiki wamemtoa ofisini, wamempeleka bohari kupanga vifungo. Mkuu hupita kumwambia akiomba radhi atarudi juu. Yeye humjibu kwamba vifungo hivi ni vizuri sana, bosi, karibu uvione.

Mimi bado nasimama pale nje. Jana mlinzi akaniuliza, mzee, unamsubiri nani? Nikamwambia simsubiri mtu. Akasema basi sogea, hapa hapasimamwi.

Sikusogea. Cherehani ya dirishani ilikuwa inakimbia.