Majitu Kumi na Moja ya Kona ya Kushoto

Tangazo kwa viumbe wote wenye macho: yupo mwanamke mmoja, mpima picha za darubini, ambaye ameukagua ulimwengu tangu ujana wake na bado hajaridhika nao.

Ofisini wanamwita Dada Hakiki. Sokoni hupima vitunguu upya kwa mizani yake ya mkobani. "Shemeji," mume wa mdogo wake humtania, "wewe hata mwezi utaudai kitambulisho." Naye hujibu, "Wa jana ulikuwa mkubwa zaidi."

Kazi yake ni kupima mng'aro wa galaksi na kukadiria uzito wake. Nuru ya galaksi za mbali imesafiri muda mrefu mno, kwa hiyo tunaziona zilivyokuwa ulimwengu ukiwa mchanga. Na hapo, asema yeye, ndipo unapotapeliwa: galaksi changa huwaka kwa nyota mpya, ikang'aa kuliko uzito wake; ikizeeka, uzito umejaa na mng'aro umefifia.

"Kama wakuu wa idara," huongeza.

Asubuhi moja mkuu wa idara aliingia na suti mpya na orodha ya galaksi kumi na moja za utotoni mwa ulimwengu, nzito kupita kiasi. Waandishi wa habari walialikwa saa sita. Ila pale idarani orodha haitoki bila saini ya mpimaji.

"Weka saini, dada yangu. Mkataba wako unaisha Ijumaa, unakumbuka?"

"Nakumbuka. Lakini siweki."

"Kisa?"

"Majitu yenu nayashuku."

"Hata galaksi? Zimekukosea nini?"

"Zote zimekaa kona ya chini kushoto. Picha tofauti, pande tofauti za anga, kona ileile! Zimegawiwa viwanja huko? Mwambie fundi ageuze kamera robo mzunguko, apige tena."

Mkuu alicheka peke yake. Halafu akapiga simu kwenye darubini, ng'ambo ya dunia, ambako bado kulikuwa usiku.

Picha mpya ya galaksi mojawapo ilifika saa tano na nusu. Galaksi ilikuwa imehama kona pamoja na majirani zake, tena imekonda vibaya. Mng'aro wake ulibaki palepale, chini kushoto. Kumbe ndani ya kamera kilikuwa kimeachwa kitaa kidogo kinawaka, kikinenepesha kila galaksi iliyopita karibu.

Mkuu alikwenda kuwarudisha waandishi makwao. Aliporudi, tai ikiwa mfukoni, alimkabidhi mkataba mpya wa miaka mitatu na kusimama wima.

"Dada, umeiokoa historia ya ulimwengu. Niambie, ni nini kilichokuongoza? Kipaji? Ujasiri?"

Dada Hakiki aliugeuza mkataba mbele na nyuma.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"