Kibali cha Abiria

Shemeji yangu aliendesha treni miaka thelathini na minne, wala hakuwahi kugongana na treni nyingine. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza nalo, na mtu akishastaafu ana haki ya kuchagua aanzie wapi. Mtaani anaitwa Dereva mpaka leo. Mke wake alikuwa nesi wa wodi ya watoto, akapanda hadi kuwa msimamizi, naye mpaka leo ni Sista. Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu na yao zinatenganishwa na ukuta mmoja, na Sista ni shoga yangu tangu enzi tukiwa na meno yote.

Kila Jumamosi alasiri tunacheza karata sebuleni kwao: mimi na Dereva upande mmoja, Sista na Mwalimu upande wa pili. Mwalimu alifundisha hesabu, amefiwa na mkewe, na huongea maneno machache kana kwamba yanauzwa. Ndiye aliyeleta mtoto wa mbwa. Mbwa wake alizaa sita, watano wakapata wenyewe, wa sita akaingia humo sebuleni ndani ya kikapu cha sokoni, wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala.

Sista akasema nyumba yake si banda. Dereva akamtazama yule mnyama, akatamka kwamba huyu kapanda bila tikiti, lakini treni ikishaondoka abiria hashushwi porini. Basi jina likawa Abiria, na Sista akashindwa kesi kabla hajafungua mdomo vizuri.

Kushindwa kwa Sista hakukumzuia kuleta utaratibu. Siku ya pili tu, kadi ilikuwa imetundikwa kwenye mlango wa jikoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Chakula mara tatu: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Kipimo ni kikombe kimoja cha bati. Anayelisha aandike saa na atie alama yake. Wodini kwao kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote: kisichoandikwa hakijafanyika. Nesi akikupa dawa asiandike, basi hukupewa. Sista aliishi na sheria hiyo mpaka ikaingia kwenye damu.

Zamu ya asubuhi ilikuwa ya Dereva. Yeye huamka alfajiri kwa mazoea. Sista, baada ya miaka yote ya kuwahi wodini, aliapa akistaafu hatatoa mguu kitandani kabla ya saa mbili, na hicho ni kiapo pekee alichokitimiza. Kwa hiyo Dereva alikuwa akifungua mlango wa nyuma, anafagia uani, anachemsha chai, anasikiliza taarifa ya habari, huku Abiria akimng'ata kamba za viatu. Walipendana wale wawili. Nilikuwa nawasikia kupitia ukutani, mmoja akibweka na mwingine akimweleza habari za ng'ombe aliyelala relini mwaka ule wa mvua kubwa. Habari hiyo sote tunaijua. Abiria tu ndiye alikuwa bado anaisikiliza hadi mwisho.

Baada ya miezi miwili mbwa alikuwa kanenepa kama mto wa kochi. Daktari wa mifugo akampima, akauliza wanamlisha nini. Sista akatoa kadi kwenye mkoba, alikwenda nayo. Mara tatu kwa siku, kikombe kimoja, alama zote zipo. Daktari akasema kadi ni nzuri, ila mbwa haendani nayo. Halafu mfuko wa chakula, ambao ulipaswa kumaliza mwezi, ukaisha siku ya kumi na tisa.

Kadi haiwezi kukosea, kwa hiyo mtu amekosea. Hivyo ndivyo shoga yangu alivyofikiri. Jumamosi iliyofuata aliweka karata zake chini katikati ya mchezo, akampa Mwalimu vidonge vyake. Kwamba anamlisha mbwa kwa siri. Kwamba alimwona, kwa macho yake, akimpitishia biskuti chini ya meza. Biskuti ni kweli, moja, na mimi pia niliiona. Lakini biskuti moja hainenepeshi mbwa kiasi kile, na nilifungua mdomo niseme hivyo.

Mwalimu alimtazama Dereva kwanza. Kisha akasema, "Ni mimi. Nisamehe, Sista."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Tukacheza watatu, na karata ya watu watatu ni koti la mkono mmoja. Dereva aliuliza kila mara Mwalimu yuko wapi, Sista akajibu kila mara kwamba ana mafua. Mimi nilikuwa na hasira yangu ndogo na Dereva, kwa sababu siku hizo alikuwa akicheza ovyo, anatupa karata isiyo zamu yake, anauliza mara tatu nani kaanza. Nikamwambia shemeji, uzee umekukolea. Akacheka. Sasa nikikumbuka kicheko kile najiona mjinga, na sitaki kuliremba hilo.

Yaliyotokea baadaye alinisimulia Sista mwenyewe, amesimama mlangoni pangu na khanga ya kulalia. Kikohozi kilimwamsha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatoka kwenda kunywa maji, na akiwa kwenye ukumbi mwembamba akamwona mumewe jikoni. Dereva alichota kikombe kimoja, akamlisha mbwa, akaosha bakuli, akalifuta, akaketi kusikiliza redio. Hakuandika. Baada ya robo saa Abiria akaja kukaa mbele yake na kumtazama, kama watoto wote wanavyotazama. Dereva akasema, jamani, kumbe hujala? Akaenda kwenye kadi. Mahali pa asubuhi palikuwa peupe. Akachota tena. Robo saa nyingine, kadi bado ni nyeupe, akachota mara ya tatu, na safari hii akaandika, kwa mwandiko wake safi: saa moja kamili.

Sista alisimama pale ukumbini akiwa na kiu yake. Kadi ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza. Vikombe visivyoandikwa ilivinyamazia, na Dereva, mtu mwaminifu, aliitii sheria ya mkewe: kisichoandikwa hakijafanyika.

Jioni hiyo tulikwenda kwa Mwalimu, mimi na yeye. Tulimkuta anapiga pasi shati moja, ingawa hakuwa na pa kwenda. Sista aliomba radhi akiwa bado amesimama. Mwalimu akainua pasi, akaisimamisha wima, akasema alijua. Wiki moja kabla ya ule ugomvi Dereva aligawa karata, akazikusanya, akagawa upya, na sisi wanawake tulikuwa tunamcheka mbwa, hatukuona.

"Sasa kwa nini ulikubali kosa lisilo lako?" Sista akauliza.

"Tulikuwa wanne mezani," Mwalimu akasema. "Wewe hukumlisha. Fundi anamwogopa mbwa. Ukinitoa na mimi, anabaki nani?"

Sista alilia hapo, kwenye kiti cha watu, na mimi pia. Mwalimu alirudi kwenye shati lake, akapiga pasi kola ambayo ilikuwa imenyooka.

Wiki nzima Sista hakumwambia mumewe. Huyu ni mwanamke aliyewaambia akina mama habari ngumu, uso kwa uso, kwa miaka mingi, na aliogopa kumwambia mzee mmoja aliyekaa na mbwa miguuni. Aliogopa kumwona akijua. Akaanza kuamka alfajiri, akavunja kiapo chake, akisema usingizi umemkimbia. Akapunguza kikombe bila kusema. Hospitali walikwenda baadaye, wakapewa jina la ugonjwa na dawa zake. Hayo yana kadi yake yenyewe.

Jumamosi Mwalimu akaja, amevaa lile shati. Dereva akampa pole ya mafua. Mwalimu akasema amepona. Tukacheza hadi karibu saa kumi na mbili, ndipo Dereva akainuka kwenda jikoni kumlisha Abiria. Sista alikuwa ameshamlisha mapema, na kuandika. Tulimsikia akisimama mlangoni, penye kadi. Kisha akarudi hadi katikati ya sebule, kikombe cha bati mkononi.

"Mama," akamwambia mkewe. "Nimeshampa?"

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Sista akasema, "Nimempa mimi, Baba."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ulimpa wewe."

"Mara ngapi?"

Sista akazipanga upya karata zake. Jibu hilo lilimtosha mtu aliyewahi kusoma taa za njiani. Dereva akaweka kikombe mezani, juu ya karata, akaenda chumbani. Tulisikia droo inavutwa. Aliporudi alikuwa ameshika kipande cha shaba chenye pete kubwa, kile ambacho wenzake walimzawadia siku ya kustaafu. Alitueleza, ingawa tunakijua. Enzi zake reli ilikuwa njia moja, treni zinakwenda na kurudi juu yake. Dereva haingii njia ile mpaka stesheni masta ampe kibali kile mkononi. Si kwa kukumbuka, si kwa kuandika, wala kwa kuambiwa. Huna shaba mkononi, huendi. Ukifika upande wa pili, unaikabidhi.

"Kichwa cha dereva hakiaminiwi," akasema. "Hata kikiwa kizima." Akamwekea Sista kile kipande kwenye kiganja, akamfunga vidole juu yake.

Tangu hapo kinaning'inia shingoni mwa Sista, chini ya gauni, na nimemshonea mfuko kwa ndani ili kisimbane. Asubuhi humpa Dereva, naye hukipokea kwa mikono miwili, analisha, anakirudisha. Abiria amepungua. Jana nilikuwa jikoni kwao nikimpima Sista gauni, pini mdomoni, saa moja na nusu hivi, Dereva akatokea mlangoni, mbwa nyuma yake, akanyoosha mkono mtupu.

Sista akaligusa gauni lake kifuani, pale shaba ilipo. "Umeshapita, Baba."

Dereva akafikiri kidogo. "Nilipita salama?"

"Salama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi uani kukaa, na Abiria akamfuata.