Flashi Iliyoshonwa kwenye Ngozi

Mimi ni mkali, na sina haja ya kulificha hilo. Wateja wangu wa Sumbawanga wanalijua, na wasomaji wangu wa mtandaoni wanalijua zaidi. Ukiniandikia "mwalimu nisaidie, kompyuta haiwaki" bila kusema umebonyeza nini na imekujibu nini, nitakujibu, ila utajikuna kichwa. Nina chumba kimoja karibu na stendi. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, natengeneza kompyuta ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Na bila kuombwa na mtu, naandika kwa Kiswahili habari na mafunzo ya Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa: toleo gani jipya limetoka, linafaa mashine ya namna gani, unaliwekaje hatua kwa hatua bila kulia. Kila somo nalijaribu kwanza kwenye kompyuta yangu kuukuu iliyong'oka baadhi ya herufi. Likigoma pale, haliendi kwa watu.

Wasomaji wa Dar na Mwanza wanapenda kunitania. Nikitangaza toleo jipya, hakosekani wa kuandika, "Mwalimu wa Sumbawanga, tukikosea amri usituletee radi." Nchi nzima inatuona sisi ni wachawi. Huwa nawajibu kwamba radi ninayo, ila bando la kuituma limeisha. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mji huu huu unaotaniwa uchawi ndio waliompiga mtu mlangoni kwangu, nusura wamuue, kwa kitu walichodhani ni uchawi.

Alikuwa msomaji wangu kutoka bondeni, upande wa Mtowisa. Msukuma, wazazi wake walihamia kule na ng'ombe wao yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa walikuwa na mifugo na majaruba ya mpunga. Masomo yangu aliyasoma kwenye simu, juu ya mwinuko nyuma ya zizi, kwa kuwa ni pale tu mtandao uliposhika. Nilimjua kwa maswali yake. Hakuwahi kuniandikia "haiwaki". Aliandika amri aliyoingiza, neno kwa neno, na jibu alilopewa, neno kwa neno, kisha akamalizia, "Shikamoo mwalimu, nasubiri." Mtu wa namna hiyo nampenda hata kabla sijamwona.

Shida yake ilikuwa moja. Mke wake alifariki kwenye uzazi, na mtoto naye hakupona. Picha zote za mke huyo zilikuwa kwenye simu ya marehemu, na kabla simu haijafa alizihamishia kwenye laptop aliyouziwa na mwalimu mmoja mstaafu. Halafu ile laptop ikaingia virusi, vile vinavyohama kwa flashi vikaficha mafaili na kukuachia vivuli tu, ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Alidhani amefiwa mara ya pili. Nilimwelekeza kwa meseji namna ya kuyafichua, yakarudi. Ndipo akaniandikia kwamba hataki tena mfumo wenye magonjwa, anataka Linux, na kwa kuwa flashi yake ya kuwekea mfumo imekataa kuwaka, anapanda mwenyewe mpaka kwangu.

Alifika asubuhi kwa lori la mpunga, vumbi mpaka kwenye kope, laptop ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae, ila usiegemee hiyo printa."

Shingoni alikuwa amevaa kifuko cha ngozi ya ndama, kidogo, kimeshonwa pande zote na kuning'inizwa kwa uzi mweusi. Nikamuuliza ni nini. "Ndiyo nakala, mwalimu," akasema. "Si umesema kabla mtu hajagusa diski anakili vitu vyake kwanza? Bondeni kuna vumbi, na masika maji yanafika magotini. Nikaona ngozi ndiyo itakayoifaa flashi." Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwambia amemvaa mke wake kama hirizi. Naye akacheka, akasema mama yake alimwambia maneno hayo hayo.

Tulifumua kifuko, tukahakikisha picha zipo. Nilimwona huyo mke. Picha moja alikuwa amesimama kwenye jaruba, kitenge kimefungwa juu ya magoti, mikono ina tope mpaka kwenye viwiko, anamcheka anayempiga picha. Nikamwambia aiache flashi mezani. Akakataa, akatoa sindano aliyoichomeka kwenye kola ya shati, akaishona tena mle mle na kuivaa. "Mezani vitu vinapotea," alisema.

Kisha tukafuta diski yote, tukaanza. Mwanafunzi wangu huandika amri mwenyewe, mimi simgusii kibodi. Maandishi meupe yalishuka kwenye skrini nyeusi naye akayasoma yote, midomo ikicheza. Tulipomaliza, kompyuta iliwaka safi kama sahani iliyooshwa, haina faili hata moja. Akakaa anaitazama tu, na nikaona amefurahi.

Ndipo akaingia mwanamume mmoja, mteja wa fotokopi, mtu wa shati la kuchomekea. Akaitazama ile laptop, akamtazama mwenyewe, makatambuga yake na mfuko wake wa salfeti. Akasema laptop yake imeibwa nyumbani kwake juzi, nayo ndiyo hii. Nikamwambia laptop nyeusi zimejaa mji mzima, aangalie vizuri. Akasema, "Ifungueni. Vyeti vyangu vimo, picha za familia yangu zimo." Nikaifungua mimi mwenyewe, kwa kiburi changu. Haikuwa na kitu.

"Amefuta," akasema yule mtu. Alisema polepole, kisha akatoka mlangoni akapaza neno ambalo pale stendi halitamkwi mara mbili. Mwizi.

Sijui watu hutoka wapi. Bodaboda waliokuwa wamelala juu ya pikipiki zao walishafika kabla sijazunguka meza. Walimvuta nje kwa shati. Alikuwa mrefu, angeweza kupigana, lakini hakupigana. Alidhani bado ni mazungumzo. Akasema, "Vitu vyangu viko hapa, vyote viko hapa, mwalimu ameviona," na akakishika kile kifuko shingoni ili awaonyeshe.

Mmoja akasema, "Anashika hirizi."

Hapo ndipo yote yalipobadilika. Walikuwa wakimpiga makofi. Sasa walimpiga kama watu wanaoogopa. Mmoja alikamata uzi akavuta, na uzi ule mgumu ukamkata shingo kabla haujakatika. Damu ikashuka kifuani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anayechoma mahindi. Huyo aliyekivuta alikwenda na kifuko mbio, amekishika kwa ncha za vidole, akakitumbukiza katikati ya makaa, kwa sababu dawa huchomwa. Nilipiga kelele kwamba hiyo ni flashi, ni picha za mke wake, itoeni. Kijana mmoja ninayemchapia barua zake akanigeukia akasema, "Mama, wewe hujui dawa za bondeni." Mtu wa Sumbawanga aliniambia hivyo.

Walimpiga kwa helmeti. Walimpiga kwa jiwe la kuzuilia mlango wangu, ambalo nalisogeza kila siku nikifagia. Mmoja alikuwa na spana, akampiga nayo usoni, na nikasikia mfupa. Nilichukua chupa yangu ya chai, nikaifungua, nikammwagia huyo wa spana mgongoni, akageuka akanipiga ngumi ya kinywa. Nilimng'ata. Sijutii. Nikaanguka juu ya yule mgeni wangu nikamlalia kichwa, na mtu mwenye buti akanikanyaga mkono wa kushoto akanisaga vidole kama anazima sigara. Huyu chini yangu alikuwa anasema kwa Kisukuma, taratibu, nadhani alikuwa anamwambia mama yake. Halafu akanyamaza, na jicho lake moja halikuwa jicho tena.

Tairi lilishafika. Lilikuwa tairi la gari dogo, limeshaisha meno, na waliliweka chini kwanza wakibishana nani anivute mimi. Bodaboda mmoja alikuwa amechuchumaa anachomoa mpira wa petroli kwenye pikipiki yake, anatega chupa ya maji. Nilimtazama usoni. Alikuwa anafanya kazi yake kwa makini, bila hasira yoyote, na hilo ndilo linalonirudia usingizini. Gari la polisi lilikuwa likienda stendi kwa shughuli nyingine, likasimama, askari akapiga risasi hewani. Wote wakawa abiria na wapita njia.

Kituoni niliomba kitu kimoja tu, kwa mdomo uliovimba: yule mtu wa shati alete chaja yake. Akaletewa kutoka nyumbani. Chaja haikuingia kwenye tundu. Ilikuwa na pini nene, na tundu la laptop yetu ni jembamba. Hata ukilazimisha haiingii. Akaijaribu upande huu, akaigeuza upande ule. Kisha akasema, "Samahani, zinafanana." Nikamtemea mate yenye damu kwenye shati lake. Askari akaniambia nikae chini, nikakaa.

Hospitalini walimtoa lile jicho. Taya walilifunga kwa waya. Mama yake alipanda kutoka bondeni akakaa kando ya kitanda. Siku mgonjwa alipoweza kuongea kidogo, hakuniuliza waliompiga wako wapi. Aliuliza kifuko. Nilikuwa nimekitafuta kwenye lile jiko. Niliokota kipande cha chuma na plastiki iliyoyeyuka ikashikana na mkaa. Nikamwambia kimeungua. Akageuzia uso wake ukutani.

Nilirudi chumbani kwangu nimejaa hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Ile laptop nilikataza isiwashwe. Diski ikifutwa haraka, vitu vya zamani huwa vimelala pale pale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na sisi tulikuwa tumeandika mfumo mzima. Nikaichomoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu kuukuu, nikaweka programu inayosoma diski tangu mwanzo mpaka mwisho, ikitafuta popote penye umbo la picha. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa kwenye plasta ngumu, nikaandika kwa mkono mmoja. Umeme ukikatika naanza tena. Mteja akija kutoa fotokopi namwambia aende kwingine.

Zilitoka picha za ng'ombe. Ng'ombe, ng'ombe, zizi, ng'ombe. Zikatoka picha za watu nisiowajua, labda familia ya mwalimu mstaafu. Kisha vikaanza kutoka vipande vya mwanamke: sikio na hereni, kitambaa cha kichwa, bega moja. Nyingi zilikuwa rangi ya kijivu tupu. Ile ya jarubani ilikuja mwishoni. Uso umekuja wote, na kile kicheko. Kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu. Mikono yenye tope haikurudi. Nililia pale, peke yangu, nikiwa mtu mzima na mlango wazi.

Nilipeleka ile kompyuta kuukuu wodini. Nilikuwa pia nimenunua flashi mpya, na fundi viatu akanishonea kifuko cha ngozi kama kile, na uzi mweusi. Mama yake alipoiona picha alijifunika uso kwa kitenge. Yeye mwenyewe alivuta skrini karibu na jicho lililobaki, akaitazama kwa muda mrefu, akagusa pale kijivu kinapoanzia.

"Huyu ndiye," akasema kupitia kwenye waya.

Akaomba kibodi. Akaandika mwenyewe amri ya kunakili picha kwenda kwenye flashi, polepole, akirukaruka herufi zilizong'oka. Hakukosea hata moja. Jibu likaja, hakuna kosa. Nikaitia flashi kwenye kifuko nikampa. Alikipokea, akakipindua, akapapasa mshono. Mkono wake mwingine ulikwenda shingoni, kwenye kovu.

"Siivai tena, mwalimu," akasema. "Kaa nayo wewe."

Amerudi bondeni na laptop yake, picha zimo, na siku hizi mtandaoni anawajibu wanaoanza kabla mimi sijafika. Kifuko ninacho mimi. Nakivaa juu ya nguo, mahali panapoonekana, nikienda sokoni, nikienda kanisani, nikipita pale kwenye pikipiki za wale bodaboda. Wananiamkia shikamoo wakiangalia pembeni. Nasubiri mmoja wao aniulize ni nini.